MIZANI YA NYUMBANI NA DAFTARI LA MAMA



Nimeombwa niandike somo moja la sayansi litakalowafaa wanafunzi walioko madarasani sasa, na pia sisi tuliokwisha toka shuleni tukashikwa na kazi za dunia. Nilifikiri niandike juu ya nyota, kisha nikafikiri niandike juu ya Ziwa Tanganyika. Mwisho niliona heri nieleze kitu kidogo kilichomo nyumbani mwetu, hapa Buyenzi mjini Bujumbura, ambacho mwaka jana kilitufundisha jambo kubwa. Kitu hicho ni mizani ya kupimia uzito wa mtu, ile ya kukanyaga kwa miguu, lakini ni ya namna mpya inayopeleka habari kwenye simu.

Kwa nini tulihitaji mizani

Baba yangu amepita umri wa miaka sabini. Kazi yake ilikuwa ufundi wa magari, na mikono yake haijasahau spana hata leo. Mwaka jana alianza kuchoka upesi. Akitembea hatua chache ilimpasa kusimama apumue. Usiku alitaka mto mmoja zaidi, kisha wa tatu, maana akilala chali alikosa pumzi. Jioni viatu vilimbana, ijapokuwa ni vile vile alivyovivaa siku zote. Tulimpeleka hospitali, akalazwa.

Daktari alitueleza kwamba moyo wa baba umedhoofika, hausukumi damu kwa nguvu ya kutosha. Moyo ukiwa hivyo, figo hubakiza chumvi na maji mwilini badala ya kuyatoa, na maji hayo hukusanyika miguuni, tumboni na hata mapafuni. Siku ya kumtoa alitupa dawa, akatuonya juu ya chumvi, kisha akasema neno lililonishangaza:

"Mpimeni uzito kila asubuhi. Akiongezeka zaidi ya kilo mbili katika siku tatu, msingoje, nileteeni. Na akikosa pumzi, mleteni hata kama uzito haukubadilika."

Mimi nilidhani uzito ni habari ya watu wanene. Daktari aliponiona nimeduwaa aliniuliza, "Wewe ulisoma sayansi. Lita moja ya maji ina uzito gani?" Nikajibu, "Kilo moja." Akasema, "Basi umekwisha jijibu."

Ni kweli. Mtu hawezi kunenepa kilo mbili kwa siku tatu kwa kula ugali na maharage ya kila siku. Uzito ukipanda ghafula namna hiyo kwa mgonjwa wa moyo, yaelekea kuwa ni maji, na mizani yaweza kuyaona maji hayo kabla macho yetu hayajaona miguu imevimba.

Kaka yangu anakaa Brussels. Aliposikia habari hizi alinunua mizani akampa msafiri mmoja atuletee. Alitaka mizani yenye kupeleka habari kwenye simu, ili naye kule aliko aone kila asubuhi uzito wa baba. Hilo lilitufurahisha sote. Mtu aliye mbali hupenda naye awe na kazi ya kumwangalia mzazi wake.

Mizani za zamani na mizani za sasa

Kabla sijaeleza tulivyoitumia, yafaa tujue mizani hupimaje. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Mizigo mikubwa, kama vile pembe za ndovu zilizopitia Ujiji kwenda pwani, ilipimwa kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16. Sokoni pia twaijua mizani ya vitanga viwili: upande mmoja jiwe la kilo, upande wa pili maharage. Mizani hiyo hulinganisha vitu viwili. Mkono wake ukilala sawa, maharage yametimia kilo.

Baadaye ikaja mizani ya springi. Hiyo hailinganishi kitu na kitu; hutazama springi imebonyea au imevutika kiasi gani.

Mizani ya umeme tuliyoletewa ni ndugu wa mizani ya springi. Ndani ya miguu yake minne mna vipande vya chuma, na juu ya kila kipande kimebandikwa kijiwaya chembamba mno. Mtu akipanda, chuma hupinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kijiwaya kikivutwa hurefuka na kuwa chembamba zaidi, na umeme hupita ndani yake kwa shida zaidi kuliko mwanzo. Shida hiyo ya kupita umeme huitwa ukinzani. Kijiwaya cha namna hii kilibuniwa Marekani mwaka 1938 na watu wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe.

Lakini mabadiliko ya ukinzani huo ni madogo sana. Hupimwa kwa mpango wa nyaya uitwao daraja la Wheatstone. Mpango wenyewe aliuvumbua Samuel Hunter Christie mwaka 1833, ila Charles Wheatstone ndiye aliyeutangaza mwaka 1843, na jina likabaki kwake. Katika mizani yetu, daraja hilo hutoa alama ndogo ya umeme, na kompyuta ndogo iliyo ndani huigeuza kuwa kilo na kuziandika kwenye kioo. Yaliyozidi ni kupeleka habari tu. Mwaka 2009 kampuni ya Withings ya Ufaransa ilitoa mizani ya nyumbani yenye kupeleka uzito kwa njia ya Wi-Fi, na tangu hapo makampuni mengi yametengeneza za namna hiyo.

Jinsi ya kuiweka tayari

Nitaeleza hatua tulizofuata, pamoja na makosa yetu, maana kosa la mwenzio ni mwalimu wa bei nafuu.

Kwanza ni mahali. Mizani yataka sakafu ngumu iliyo sawa, kama saruji au vigae. Sisi siku ya kwanza tuliiweka juu ya mkeka chumbani kwa baba, tukadhani twamstahi mzee asikanyage saruji baridi. Tulimpima mara tatu, tukapata majibu matatu. Mkeka na zulia hubonyea, miguu ya mizani haikai imara, na uzito hauwafikii wale vijiwaya sawasawa. Tuliihamishia penye saruji karibu na mlango, karibu na ukuta, ili baba apate kushika ukuta anapopanda. Akishapanda lazima auachie, maana mtu anayeshika ukuta humwachia ukuta sehemu ya uzito wake.

Pili ni sifuri. Kila mizani ikisogezwa, hata kwa kufagia tu, iguse kwa mguu mara moja iwake, uondoe mguu, ungoje kioo kionyeshe 0.0. Ndipo mtu apande. Ukiruka hatua hii, kipimo cha kwanza chaweza kuwa cha uongo.

Tatu ni simu. Mizani hizi huzungumza na simu kwa Bluetooth, au huzungumza na intaneti yenyewe kwa Wi-Fi, na nyingine hufanya yote mawili. Yetu ni ya Bluetooth. Huipa habari simu iliyo karibu, na simu ndiyo inayopeleka habari Brussels. Hiyo yafaa sana kwa nyumba isiyo na Wi-Fi, maana umeme ukikatika au vocha ya intaneti ikiisha, kioo cha mizani bado chaonyesha kilo kwa nguvu ya betri zake. Kama yako ni ya Wi-Fi, jua kwamba nyingi husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu. Zikikataa kuungana, tazama kwanza kama ruta yako inatoa mawimbi hayo.

Nne ni kuandika habari za mtu. Programu ya simu ilituuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, mume au mke, na kimo. Nilimwuliza baba kimo chake, akanijibu kwa fahari ya ujana wake, "Sentimita 176." Nikaandika. Baadaye mama alicheka, akaniambia nimsimamishe mlangoni nimpime kwa futi ya fundi cherehani. Nikapata sentimita 167. Kilo za mizani hazibadiliki kwa kimo ulichoandika, lakini hesabu nyingine zote ambazo programu huzitoa katika kilo hizo hubadilika. Chagua pia kilogramu, maana mizani nyingine hutoka kiwandani zikipima kwa ratili za Kiingereza.

Tano ni siri. Uzito wa mtu ni habari ya mwili wake. Kabla ya kumpa kaka ruhusa ya kuona, tulimwuliza baba kama yu radhi. Alikubali, akasema, "Aone yeye tu, si mtaa mzima." Basi tulifungua mipango ya programu, tukazima kila kitu kilichotaka kutangaza habari kwa watu wengine. Mwanafunzi anayejua simu kuliko wazee wake ana wajibu wa kuwafanyia kazi hii kwa uaminifu.

Siku ya Alhamisi

Tulipokwisha kuweka yote, nami niliandika jina langu katika mizani ile ile. Mama aliingizwa pia. Programu ilikuwa na ukurasa wa kila mtu, na mizani ilijua yenyewe nani amepanda, bila kuulizwa. Niliona ni maajabu, wala sikujiuliza inajuaje.

Mama hakuyaamini maajabu hayo. Alitwaa daftari la shule lenye mistari, akafunga kalamu kwa uzi kwenye jalada lake, akalitundika msumarini karibu na mlango. Kila asubuhi baba akishuka, mama alitazama kioo na kuandika tarehe na kilo. Nilimwambia, "Mama, ya nini kujitaabisha? Simu inaandika." Akanijibu, "Mwanangu, mali bila daftari huisha bila habari. Na huyu ndiye mali yangu."

Ikaja wiki moja baada ya harusi ya jirani. Baba alikaa na wenzake, akala kama walivyokula. Daftari la mama lilionyesha hivi:

Jumatatu: kilo 64.2
Jumanne: kilo 64.9
Jumatano: kilo 65.7
Alhamisi: kilo 66.6

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa njiani kwenda kazini, simu ikalia. Ilikuwa ni programu ya mizani, ikinipongeza mimi kwamba uzito wangu umepungua kwa nusu kilo. Nikatabasamu, nikairudisha simu mfukoni. Sikukumbuka kwamba asubuhi hiyo mimi sikupanda mizani kabisa.

Kaka naye kule Brussels alifungua ukurasa wa baba. Akaona kilo 65.7 za Jumatano, na Alhamisi hapana kitu. Alifikiri kwamba pengine intaneti yetu imekwisha, kama ilivyokwisha mara nyingi, akaenda kazini.

Mama ndiye aliyenipigia simu. Aliniuliza swali moja tu: "Sitini na sita na sita, toa sitini na nne na mbili, ni ngapi?" Nikajibu, "Mbili na nne." Akasema, "Basi rudi nyumbani."

Tulimfikisha baba hospitali kabla ya adhuhuri. Miguu ilikuwa imeanza tu kuvimba, na pumzi yake ilikuwa fupi kuliko alivyokubali kusema. Daktari alibadilisha kipimo cha dawa ya kutoa maji, akatuuliza habari za chumvi, na baba akakiri mambo ya harusi. Alirudi nyumbani baada ya siku chache. Daktari alilitazama daftari la mama kwa muda mrefu, akalipiga picha ukurasa ule.

Kosa lilikuwa wapi? Nilikaa jioni hiyo nikachunguza. Mizani ile haijui sura ya mtu. Hutazama tu kilo zilizokuja, kisha huuliza zimekaribiana na kilo za mwisho za nani. Kilo zangu za mwisho zilikuwa 67.1. Kilo za mwisho za baba zilikuwa 65.7. Alhamisi baba alipima 66.6. Tofauti na kipimo chake mwenyewe ni 0.9, na tofauti na kipimo changu ni 0.5. Basi mizani ikaamua kwamba aliyepanda ni mimi. Ilifuata kanuni yake barabara. Maji yaliyokuwa yakimzidi baba ndiyo yaliyomhamisha kutoka ukurasa wake akaingia ukurasa wangu, siku ile ile tuliyohitaji zaidi kumwona.

Tulirekebisha kwa njia nyepesi. Niliondoa jina langu. Sasa nikitaka kujipima hujipima kama mgeni, na kipimo changu hakiandikwi po pote. Mama uzito wake uko mbali sana na wa baba, basi hawachanganyiki. Wenye mizani inayokubali kuchagua jina kabla ya kupanda, na wachague. Na kaka sasa ana amri yake: asipoona kipimo cha baba kufikia saa nne za asubuhi kwa saa za Bujumbura, hupiga simu, hangoji kesho.

Kanuni za kujipima

Pimeni saa ile ile kila siku. Baba hujipima baada ya sala ya alfajiri, akishatoka msalani, kabla ya chai. Kikombe kikubwa cha chai kina gramu 300 hivi, nazo mizani huziona.

Vaeni nguo zile zile nyepesi. Simu, funguo na mkanda viwekwe kando. Miguu iwe mitupu na mikavu. Baba alikuwa akija na maji ya udhu miguuni, nasi tulimwekea kitambaa mlangoni. Maji hayo huharibu vipimo vya umeme nitakavyovieleza hapa chini, na kioo chenye maji huteleza. Mzee akianguka, faida yote ya mizani imepotea.

Simameni wima, uzito umegawanyika miguu yote miwili, mtulie mpaka namba iache kucheza.

Msitishwe na namba ya siku moja. Mtu mzima mwenye afya huweza kupanda au kushuka kilo moja kwa siku moja kwa ajili ya chakula, maji na jasho. Tazameni mwendo wa siku kadhaa. Lakini mgonjwa aliyepewa kanuni na daktari wake, kanuni hiyo ndiyo yake.

Tumieni mizani moja. Uzito wa hospitali, mtu akiwa na viatu na koti, haupatani na wa nyumbani. Mkienda kwa daktari chukueni daftari.

Namba za mafuta na za kimo

Mizani hizi huonyesha pia sehemu ya mafuta mwilini, maji na misuli. Wanafunzi wengi hupenda namba hizi kuliko kilo zenyewe, basi ni vema wajue zinatoka wapi.

Mkondo mdogo sana wa umeme, usiosikika, huingia mguu mmoja na kutokea mguu wa pili. Misuli ina maji na chumvi, hupitisha umeme vizuri, mafuta huuzuia. Mizani hupima ukinzani huo, kisha huchanganya na kimo, umri na uzito kwa kanuni ya hesabu, ndipo itaje mafuta. Kumbe mafuta hayakupimwa, yamekisiwa. Ukinywa maji mengi au ukitoka kucheza mpira, namba hubadilika, ijapokuwa mafuta yako ni yale yale. Kwa mgonjwa kama baba, ambaye maji yake hayatulii, namba hizo tumeacha kuzitazama kabisa.

Zingatieni pia onyo hili. Mtu mwenye kifaa cha umeme kifuani cha kuongoza mapigo ya moyo asitumie kipimo hiki cha mkondo. Mjamzito naye hushauriwa asikitumie. Mizani nyingi hukubali kuzima mkondo na kupima kilo tu. Wenye shaka wamwulize daktari, au watumie mizani ya kawaida.

Namba nyingine ni ile ya kugawanya kilo kwa kimo, kimo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe, kwa mita. Ilitolewa na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Kwa watu wazima, 18.5 hadi 25 huhesabiwa kuwa wastani. Tazameni lile kosa la kimo cha baba. Mtu wa kilo 68 mwenye kimo cha mita 1.67 hupata 24.4, ukimwandikia mita 1.76 hupata 22.0. Mwili ni ule ule, kalamu ndiyo iliyokosa. Ninyi mnaokua bado msijipime kwa mipaka hii, maana ni ya watu wazima, wala msiitumie kuchekana bwenini.

Jaribio la maji, na mvuto wa dunia

Mkitaka kujua kama mizani yenu ni ya kweli, fanyeni jaribio hili. Wekeni ndoo kubwa tupu juu yake, mwandike uzito. Mimineni chupa kumi na mbili za maji, kila moja ya lita moja na nusu, mpime tena. Maji ni lita 18, basi tofauti yapasa kuwa karibu kilo 18. Nilichagua maji mengi kwa sababu mizani za watu hazioni vizuri vitu vyepesi mno.

Mkiona imepungua kidogo, msikimbilie kumlaumu mwuza maji. Mizani ya springi na ya umeme hupima jinsi dunia inavyokivuta kitu, na dunia haivuti kwa nguvu moja kila mahali. Kwa kuwa inazunguka na imevimba kidogo katikati, mvuto karibu na ncha zake ni 9.83, na kwenye ikweta ni 9.78. Bujumbura iko digrii 3 tu kusini mwa ikweta, tena ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mizani iliyosawazishwa Ulaya, penye mvuto wa 9.81 hivi, ikiletwa hapa bila kusahihishwa, hupunguza kiasi cha sehemu tatu katika elfu. Mtu wa kilo 60 ataonekana ana 59.8.

Je, hilo lilimdhuru baba? La. Kama mizani inapunguza kiasi kile kile kila siku, tofauti ya Jumatatu na Alhamisi inabaki sahihi. Kosa lisilobadilika halikuzuia kuona mabadiliko. Kosa lililokuwa karibu kutudhuru ni lile la kuandika kipimo sahihi kwa jina lisilo lake.

Mwisho

Sisemi simu ni mbaya. Kaka yangu humwona baba kila asubuhi, naye baba hufurahi kujua kwamba anatazamwa. Wala sisemi kila nyumba inunue mizani ya namna hii. Mizani ya kawaida pamoja na daftari na kalamu yatosha kutimiza amri ile ya daktari.

Ninalosema ni kwamba mizani hujibu swali moja tu: kitu kilicho juu yangu kina uzito gani? Haiulizi ni nani, wala amekula nini, wala anapumuaje. Maswali hayo lazima aulize mtu anayempenda. Daftari la mama limekaribia kwisha, nami nimekwisha mnunulia la pili.

Maswali ya mazoezi

1. Chora mstari wa kilo za baba kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Kama mwendo ungeendelea hivyo hivyo, Jumamosi angekuwa na kilo ngapi?

2. Kilo za mwisho za ndugu wawili ni 58.0 na 59.2. Leo mmoja amepanda mizani, akapata 58.7. Mizani itamwandikia nani? Je, una hakika kwamba ndiye?

3. Mizani ya vitanga viwili ya sokoni haidanganyiki kwa mvuto wa dunia, ikipelekwa Ulaya au ikiletwa Bujumbura. Eleza kwa nini.

4. Uliza nyumbani kwenu kama yuko mzee aliyeambiwa na daktari apimwe uzito, presha au sukari. Kama yuko, mtengenezee daftari.